Fedha ya Karibu na Fedha ya Mbali: Ushuru, Ruzuku na Udhibiti wa Matumizi ya Halmashauri, Kutoka Igalula

Fedha za halmashauri ya wilaya nchini Tanzania hutoka katika vyanzo viwili vikuu ambavyo havilingani kwa ukubwa, wala havifanani kwa namna wananchi wanavyovifahamu. Chanzo cha kwanza ni mapato ya ndani, yaani ushuru, ada, leseni na tozo ambazo halmashauri yenyewe imeruhusiwa kukusanya katika eneo lake na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982. Chanzo cha pili ni ruzuku, yaani fedha ambazo Serikali Kuu huzitoa katika mfuko wake na kuzipeleka kwa halmashauri kwa ajili ya mishahara, matumizi ya kawaida na miradi ya maendeleo. Katika halmashauri nyingi za vijijini chanzo cha kwanza hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya fedha zote zinazotumika. Zinazobaki ni za ruzuku. Kanuni zinazoeleza nani akusanye nini, nani ampelekee nani kiasi gani na kwa masharti yapi, ndizo wataalamu wa fedha za umma huziita uhusiano wa kifedha kati ya ngazi za serikali. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba udhibiti wa matumizi ya halmashauri hauwezi kutengenea ikiwa uhusiano huo haukutengenezwa kwanza, kwa sababu mtu huuliza habari za fedha aliyoiona ikitoka mkononi mwake, na ni nadra aulize habari za fedha asiyojua ilitoka wapi, lini, wala kwa ajili ya nani.

Igalula ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hiyo. Ni jina la kata na pia la jimbo la uchaguzi katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, jimbo linalochukua Kigwa, Goweko, Tura na Loya upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, hupita hapo, na kabla ya reli palikuwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na pori kavu la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa Tura, kisha Rubuga na Kigwa, hata ikafika Kazeh ya Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Makao makuu ya halmashauri yako Isikizya, upande wa kaskazini wa Tabora, na mkazi wa Tura au Loya anayetaka kuona kitabu cha hesabu cha halmashauri yake kwa kawaida hana budi kupita mjini kwanza. Umbali huo si wa barabara tu. Fedha inayojenga zahanati yake huanzia Hazina, Dodoma, na maamuzi juu yake hushuka ngazi kwa ngazi kabla ya kumfikia.

Swali la nani atoze na nani atumie si geni katika eneo hilo. Karne ya kumi na tisa misafara ililipa hongo, yaani malipo ya nguo, shanga au waya kwa mtawala ambaye ardhi yake ilipitwa, na malipo hayo yalikuwa bei ya amani, maji na ruhusa ya kununua chakula. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, mrithi wake Mnywa Sere alitaka kuzitoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamejikita Kazeh. Wafanyabiashara wakakataa, wakamwondoa kwa silaha, wakamsimika Mkasiwa ambaye hakuwa tayari kuwatoza. Mnywa Sere akageuka mkimbizi mwenye jeshi, akawa anavamia njia ya misafara hadi alipouawa katikati ya miaka ya 1860, na miaka hiyo biashara ilidorora kwa hofu. Aghalabu kisa hicho husimuliwa kama ugomvi wa kiti cha utemi. Kwa anayesoma historia ya fedha za umma, ni kisa cha mtawala wa mahali aliyenyang'anywa haki ya kutoza kodi katika eneo lake, na cha walipaji wakubwa waliokuwa na nguvu za kuchagua mtawala asiyetoza.

Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, nayo ilikusanywa kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga Sheria ya Mamlaka za Wenyeji mwaka 1926, wakafuta malipo ya jadi ambayo watemi walikuwa wakiyapokea kutoka kwa watu wao, na badala yake wakaanzisha hazina za wenyeji zilizopewa sehemu ya kodi, ambazo ndizo zililipa mishahara ya watemi, makarani na matarishi. Mfumo huo ulikuwa na nidhamu: palikuwa na kitabu, makadirio ya mwaka na afisa wa wilaya aliyekagua. Lakini ni hapo penye mzizi wa tatizo la leo, kwa kuwa mtemi aliyekuwa akiwajibika kwa waliomletea nafaka alianza kuwajibika kwa aliyemwandikia mshahara, na hesabu zilisomwa kwa Mzungu wa boma, hazikusomwa barazani kwa waliolipa.

Baada ya Uhuru, utemi ulifutwa mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zikachukua nafasi yake. Zilipewa kazi nyingi kuliko mapato, zikazama katika madeni ya mishahara, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaanza kupokonywa hata vyanzo vya kodi vilivyokuwa vyao. Mwaka 1972 zikafutwa kabisa chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ambao kwa jina ulishusha madaraka, lakini kwa vitendo uliwapeleka wilayani watumishi wa Serikali Kuu wakiwa na bajeti ya Serikali Kuu. Miaka kumi ilitosha kuonyesha kwamba shule na barabara za vijijini haziwezi kutunzwa bila chombo cha wananchi wenyewe. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba zinasema sasa kwamba serikali za mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo, hata hivyo, hayakwenda na mfuko wake.

Ushuru wa tumbaku unaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi kuliko mfano mwingine wowote. Tumbaku ndiyo zao kuu la fedha mkoani Tabora, na huuzwa katika ghala la chama cha msingi cha ushirika, kuanzia mwezi wa nne au wa tano hivi, mvua zikishakatika. Marobota hupangwa kwa safu sakafuni. Mteuzi hupita, huchomoa jani, hulikunjua na kulinusa, kisha hutaja daraja. Mnunuzi hukubali au hukataa. Karani huandika uzito na bei kwa dola ya Marekani kwa kilo. Mkulima husimama kando ya robota lake kimya, akijua kwamba herufi na tarakimu zinazoandikwa kwenye karatasi ile ndizo zitakazoamua kama deni la mbolea litalipika na kitabaki kitu cha ada na bati. Katika thamani ya mauzo hayo halmashauri hudai ushuru wa mazao, ambao kisheria hulipwa na mnunuzi, ingawa ni wazi kwamba mnunuzi huuweka katika hesabu zake anapopanga bei, hivi kwamba sehemu ya mzigo humrudia mkulima. Hapo kila kitu kinaonekana: kilo, bei, kiwango cha ushuru. Mwanachama wa ushirika anayejua kuzidisha anaweza kukisia, kabla ya jua kuzama, ni kiasi gani kijiji chake kimeingiza katika halmashauri siku hiyo.

Ni kodi inayoeleweka, na ndiyo iliyopunguzwa. Hadi mwaka 2017 kiwango cha juu kilikuwa asilimia 5 ya thamani. Bajeti ya Juni mwaka huo ikakishusha kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikasamehe kabisa mizigo isiyozidi tani moja inayosafirishwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Msamaha wa tani moja ulikuwa wa haki, kwa sababu mageti ya ushuru yalikuwa yamegeuka mateso kwa mwenye baiskeli na magunia mawili. Lakini kuhusu tumbaku hesabu ni hii: kwa kila shilingi 1,000,000 za mauzo halmashauri iliyopata 50,000 sasa hupata 30,000, yaani imepoteza mbili ya tano ya chanzo chake kikubwa kwa sentensi moja iliyosomwa bungeni, chini ya mwezi mmoja kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza, wakati madiwani wameshapitisha bajeti kwa kiwango cha zamani.

Hilo halikuwa la kwanza. Bajeti ya Juni 2003 ilifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa, pamoja na rundo la ushuru mdogomdogo. Kufutwa kwake kulipokelewa kwa furaha, na kulistahili, maana ilikuwa kodi iliyokusanywa na mgambo kwa kuvizia watu njiani na iliyomtoza maskini sawa na mwenye uwezo. Serikali Kuu iliahidi kufidia kwa ruzuku, na ruzuku ya fidia ikatolewa. Ila fidia si kodi, kwa kuwa anayeitoa anaweza kuichelewesha na anayeipokea hana hoja ya kisheria ya kuidai. Kodi ya majengo nayo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, njia yenye ufanisi kwa ukusanyaji, ila mwenye nyumba anayelipa kwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haoni tena kama amemlipa diwani wake au amelilipa taifa. Uganda ilipita njia hiyohiyo ilipoachana na kodi ya kichwa mwaka 2005, na wilaya zake zikawa tegemezi kwa ruzuku kuliko zilivyokuwa.

Upande wa ruzuku wenyewe haukosi mema, na ni haki kuyataja. Mwaka 2004 Tanzania iliamua kwamba fedha za matumizi ya kawaida za sekta kubwa zigawiwe kwa fomula, yaani kwa hesabu iliyotangazwa mapema badala ya maombi na ujirani. Katika afya, kwa mfano, asilimia 70 ya uzito iliwekwa kwenye idadi ya watu, na asilimia 10 kwa kila kimoja cha vigezo vitatu vilivyobaki: umaskini, umbali ambao gari la afya la wilaya hutembea, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Fomula hiyo ina uungwana ndani yake, kwani wilaya iliyotawanyika kama Uyui huhesabiwa kwa kutawanyika kwake. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara, na mshahara humfuata mtumishi alipo. Mwalimu akihama kutoka kijiji cha ndani kwenda mjini, fedha huhama pamoja naye, na halmashauri iliyo nyuma huzidi kubaki nyuma, hata kama fomula ya karatasi inasema vingine.

Kuna jambo jingine ambalo huzungumzwa kidogo mno, nalo ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Unyamwezi mvua huanza Novemba na kwisha Aprili, hivi kwamba msimu wa kufyatua tofali, kusomba mchanga na kujenga ni kuanzia Mei hadi Oktoba. Ndio msimu pia ambao wakulima wana fedha za tumbaku na nafasi ya kuchangia nguvu. Kwa hiyo mwaka wa fedha hukata katikati msimu wa kazi. Ruzuku ya maendeleo ikifika mwezi wa Mei au Juni, kama ilivyotokea mara nyingi, halmashauri huwa na wiki chache tu za kuitumia kabla salio, linaloitwa bakaa, halijatakiwa kurudi Hazina kwa mujibu wa Sheria ya Bajeti, labda ruhusa ya kubaki nalo ipatikane. Mkurugenzi aliye katika hali hiyo anachagua kati ya makosa mawili: kuharakisha malipo kwa kazi isiyokamilika, au kuiachia fedha ya zahanati irudi ilikotoka. Mkaguzi atakapofika, ataandika kosa mojawapo kwa jina la halmashauri, na ucheleweshaji wa aliyeileta fedha utabaki aya fupi katika taarifa.

Udhibiti uliopo ni mwingi, na hakuna anayeweza kusema kwamba Tanzania imekosa sheria. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye mamlaka yake yako katika Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua halmashauri zote 184 kila mwaka. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi. Malipo hupita katika mfumo wa kielektroniki, na ushuru hukusanywa kwa mashine zinazotoa risiti. Mashine hizo zilikusudiwa kukomesha ugonjwa unaoitwa na watendaji wenyewe matumizi ya fedha mbichi, yaani kutumia makusanyo kabla hayajapelekwa benki. Taarifa za ukaguzi za mwaka baada ya mwaka zimeendelea kutaja makusanyo yasiyopelekwa benki, jambo linaloonyesha kwamba mashine huzuia kuandika risiti bandia, lakini hazimzuii mtu kuweka noti mfukoni. Aidha, hati safi anayoitoa mkaguzi, ambayo halmashauri hushangilia, maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa kwa ukweli na kwa mujibu wa viwango. Haisemi kwamba darasa halina nyufa, wala kwamba kisima kilichimbwa penye maji. Na taarifa yenyewe huwekwa hadharani takriban miezi tisa baada ya mwaka kufungwa, fundi akiwa ameshaondoka.

Wakati huohuo uwanja wa uwajibikaji umepunguzwa. Barabara za wilaya zilihamishiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, na maji ya vijijini yakahamishiwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa sheria ya mwaka 2019. Yapo maelezo mazuri ya kitaalamu ya hatua hizo, hasa uhaba wa wahandisi katika wilaya moja moja. Lakini diwani wa Goweko anayeulizwa mkutanoni habari za daraja na bomba huulizwa mambo ambayo hayamo tena katika kitabu cha baraza lake, na mkurugenzi mtendaji anayetekeleza maamuzi ya baraza huteuliwa na Rais. Baraza linaloamua sehemu ndogo ya matumizi na lisiloajiri mtendaji wake mkuu haliwezi kulaumiwa peke yake pale nidhamu ya fedha inapovunjika.

Kenya ilichagua njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010, katika Ibara ya 203, iliweka kwamba kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, ikaunda Tume ya Ugavi wa Mapato ya kupendekeza mgawo, na Msimamizi wa Bajeti anayeidhinisha fedha kutoka katika akaunti kabla hazijatumika. Njia hiyo haikuondoa ugomvi: mwaka 2020 Seneti ilishindwa mara kadhaa kukubaliana juu ya fomula, na kaunti zimelalamika kila mwaka kuhusu kuchelewa kwa fedha, huku ukaguzi ukifichua ubadhirifu uleule. Tofauti ni kwamba Kenya ugomvi wa mgawo hufanyika mchana, na gavana anayecheleweshewa fedha ana ibara ya kuishika mkononi. Tanzania haihitaji kuiga kaunti. Kitu ambacho ingefaa kukichukua ni hiki kimoja, kiwango cha chini cha mgawo kilichoandikwa katika sheria, pamoja na tarehe za kupeleka, ili ucheleweshaji nao uwe kosa linalohojiwa.

Hatua nyingine imekwisha kujaribiwa nchini na inafaa kupanuliwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati au kituo, na ruzuku ya elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, hupelekwa katika akaunti ya shule. Kila mwanafunzi wa msingi alipangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 zilikusudiwa kufika shuleni, zilizobaki zikiwa za vitabu vinavyonunuliwa na Serikali Kuu. Ni fedha ndogo, ila mzazi yeyote anaweza kuikokotoa: wanafunzi 500 ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Kiasi kikishajulikana na kamati ya shule, swali la kwanza huwa limekwisha kuulizwa, na mwalimu mkuu hulijibu kwa kufungua kitabu. Fedha iliyotoka mbali imefanywa ya karibu. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2021, ilipotangazwa nchi nzima kwamba kila darasa la mpango wa UVIKO-19 limetengewa shilingi milioni 20; fundi, mtendaji na mzazi walikuwa na tarakimu moja, na darasa lililokwama kwenye lenta lilionekana na kila mtu.

Mageuzi yanayohitajika basi si ya kuongeza waraka juu ya waraka. Kiwango cha ushuru wa mazao kisibadilishwe ndani ya mwaka ambao bajeti ya halmashauri imeshapitishwa, na kikipunguzwa fidia yake iandikwe katika sheria hiyohiyo. Ruzuku ya maendeleo ifike kabla ya Mei, au bakaa ya mradi unaoendelea ibaki halmashauri hadi mvua zinazofuata bila kuombewa ruhusa. Sehemu ya ushuru wa tumbaku irudi katika kijiji kilichouza, kwa asilimia inayojulikana na kila mwanachama wa ushirika, kwa sababu ahadi za kurudisha fedha vijijini zimekuwapo siku nyingi kama hisani ya halmashauri, na hisani haidaiwi.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, imeuweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji, na mkutano huo hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yakisomwa. Wakazi wa Igalula, Tura, Kigwa na Loya hawahitaji kusubiri mageuzi ya Dodoma ili kuutumia. Waombe katika mkutano ujao wasomewe tarakimu tatu, pamoja na tarehe zake: tumbaku ya kijiji iliyouzwa msimu huu na ushuru uliolipwa, kiasi kilichoingia katika akaunti ya shule, na kiasi kilichoingia katika akaunti ya zahanati. Mtendaji wa kijiji ana wajibu wa kuzisoma.